Mfalme wa Ijumaa Moja

Miaka ile Dilli tulikuwa na wafalme wawili, na ukiwachanganya wote hupati hata mmoja wa maana. Wetu alikaa Dilli ya zamani, ndani ya kuta. Wa pili alikaa Firozabad, kule chini kando ya mto Jamuna, mwendo wa asubuhi kwa mtu asiye na haraka. Wote walikuwa wa nyumba ya Tughlak, babu yao mmoja, na kila mmoja alimwita mwenzake mwizi. Nyumba hiyo iliwahi kutawala mpaka huko kusini kwenye miji ambayo hata majina yake siyajui. Sasa walikuwa wanagombania vitongoji na mashamba ya vitunguu. Kila asubuhi askari wao walishuka kwenye uwanda ulio katikati, wakachinjana, na jioni waliobaki wakarudi kula. Sisi wengine tulikwenda sokoni kwa kuuliza kwanza leo wanapigana upande gani.

Mimi naitwa Khunza. Ni mjane, sina mtoto, nina meno yangu yote na ulimi wangu wote. Nilikuwa nakaa kwa mdogo wangu Barkhurdar, mkuu wa ngoma za lango la mfalme wetu, nikamlelea binti yake Nigar tangu mama yake alipofariki.

Kwetu mtu hawi mfalme kwa kuvaa taji, wala kwa jina lake kutajwa kwenye hotuba msikitini. Hayo yapo, lakini watu husubiri ngoma. Zikilia langoni, mfalme yupo. Zikinyamaza, funga duka uingie ndani. Babu yetu aliwapigia wafalme Wakhalji, baba akawapigia Watughlaki, na wote walipiga ngoma zilezile mbili za shaba, kubwa kama masufuria ya karamu. Moja ni dume, sauti yake nzito inatoka chini kabisa. Nyingine ni jike, kali, ina maneno mengi kama mimi. Wafalme walikuja wakaondoka, nyumba kubwa zikaanguka, ngozi za ngoma zikabadilishwa, na aliyeshika magongo siku zote alikuwa mtu wa ukoo wetu.

Wafalme walipogawana mji, waligawana na ngoma. Wetu akabaki na dume na Barkhurdar. Yule wa Firozabad akaondoka na jike, pamoja na mpigaji wake Alamdin. Hao wawili walifundishwa na baba yangu kwenye kibaraza kimoja, wakawa chanda na pete, na watoto wao walichumbiana zamani, kabla ya balaa hili: Nigar wetu na Miran wa Alamdin.

Sasa kuna mpigo mmoja unaoitwa mpigo wa kuketi. Hupigwa siku moja tu, siku mfalme anapopanda kiti, na lazima sauti zote mbili ziwepo, moja inauliza na nyingine inajibu. Mfalme wetu alipoketi, lango lilisema du, du, du, kama mtu anayetwanga. Wa kwao alipoketi, lango likapiga ta-ta-ta-ta, kuku kaona nyoka. Mji mzima uliziba midomo kwa nguo usicheke. Wafalme walijua wanachekwa, wakaona haya, na mfalme akiona haya anatoa amri. Amri zao zilifanana: mpiga ngoma wa upande huu akionekana kwenye lango la upande ule, mikono yake ikatwe.

Basi hapo ndipo harusi ya Nigar ilipokwama.

Nakumbuka tulikuwa juu ya paa tunaota jua la baridi, mimi na Nigar tunamenya njegere, Barkhurdar amejifunika blanketi anatafuna tambuu kama mbuzi mwenye mawazo.

"Baba," Nigar akasema, "Alamdin ameleta salamu tena. Mimi nitaolewa na Miran, au nitakaa humu ndani mpaka uchoke kuniona."

"Siwezi kuchoka kukuona. Ndiyo shida yenyewe hiyo."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka uolewe na Miran, na nataka nikuone." Akatema tambuu. "Ukivuka ule uwanda, mwanangu, ndiyo basi. Mimi nikitokea langoni kwao, mikono imekwenda. Nitasikia umejifungua kutoka kwa muuza vitunguu. Mjukuu wangu nitasimuliwa pua yake ikoje na muuza vitunguu!"

Bakuli lilimponyoka Nigar. Alimtaka Miran na alimtaka baba yake, na hakuna aliyeweza kumwonyesha njia ya kuwapata wote. Nilimwangalia yule mtoto akiokota njegere zilizomdondoka, macho yamemjaa maji, nikapandwa na hasira na wafalme wote wa dunia, waliopita na wajao.

"Haya, nisikilizeni," nikasema. "Ijumaa hawapigani. Katikati ya uwanda kuna bustani ya makomamanga, haina mwenyewe. Harusi itakuwa pale, baada ya sala. Sisi tunakuja na bibi harusi, wao wanakuja na bwana harusi, kadhi anafungisha, tunakula, kila mtu anashika njia yake."

"Na baada ya hapo, dada? Nitamwona lini?"

"Baada ya hapo Mungu mkubwa. Kwanza aolewe, Barkhurdar. Miaka inakwenda na wewe umekalia kulia tu."

Akakubali, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayepeleka maiti.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Katika ukoo wetu ndoa haihesabiwi ndoa mpaka baba wa bibi harusi apige dume na baba wa bwana harusi apige jike, pamoja. Ngoma ya nyumbani yoyote ingetosha. Lakini wanaume hawa wawili hawakuwa wameonana muda mrefu, na kila mmoja alitaka mwenzake aone kwamba yeye bado ni mkuu wa lango. Barkhurdar akamwambia msimamizi wa lango kwamba ukungu wa baridi umelegeza ngozi, ngoma inahitaji kwenda kuota moto nyumbani. Akaipakia kwenye gari la ng'ombe chini ya majani. Kumbe kule Firozabad Alamdin alisema uongo huohuo, neno kwa neno. Mwalimu wao alikuwa mmoja.

Ijumaa ilifika na jua zuri, ukungu umeondoka mapema. Tulitandika mazulia chini ya makomamanga, tukamweka Nigar nyuma ya pazia amevaa nyekundu, tukapanga sambusa, pilau ya mbuzi na haluwa ya lozi. Kisha tukawaona wanakuja, zumari mbele, na Miran juu ya farasi wa kuazima. Kwetu siku ya harusi bwana harusi hufanyiwa mambo ya kifalme: anakaa juu ya mto wa hariri, anashikiwa mwavuli mwekundu, na uso wake unafunikwa kwa nyuzi za yasmini mpaka kifuani, haonekani hata pua. Tukamketisha hivyo. Nikamsikia anapiga chafya ndani ya maua.

Alamdin alishuka kwenye gari lake, akaliona gari la Barkhurdar, akaona kilichomo.

"Mwenda wazimu wewe!" akasema. "Umeleta dume?"

"We umeleta nini hapo? Mtungi?"

"Nimeleta jike."

"Basi wewe mwenda wazimu zaidi, jike ndiyo yenye kelele!"

Wakakumbatiana, wakalia, wakapigana makofi ya mgongoni mpaka Alamdin akakohoa. Nikawaambia watalia baadaye, chakula kinapoa. Wakaziweka ngoma ubavu kwa ubavu, wakashika magongo, wakaanza mpigo wa harusi, taratibu.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana watu wameitia chumvi sana hadithi hii. Hawakukusudia. Mikono yao ilikuwa na njaa. Ngoma zile mbili hazikuwa zimesimama pamoja tangu mji ulipopasuka, na dume ilipouliza na jike ikajibu, wale wazee wakafumba macho. Wakatabasamu. Wakaongeza mwendo kidogo. Mimi nywele zilinisimama kabla akili haijajua kwa nini, kisha nikajua. Walikuwa wameteleza kutoka mpigo wa harusi, wakaingia mpigo wa kuketi, mzimamzima, kama alivyowafundisha baba yangu.

"Barkhurdar!" nikapiga kelele. "Acha! Barkhurdar wee!"

Nani amsikie Khunza mbele ya zile shaba? Na nitasema kweli: ulikuwa mtamu. Nilisimama pale na mkono mdomoni nikiogopa, na mguu wangu ukicheza.

Siku ya baridi isiyo na upepo sauti inafika mbali. Ilifika Dilli, ikafika Firozabad. Na mtu yeyote wa nchi yetu aliyesikia dume na jike zikipiga mpigo wa kuketi kwa pamoja angewaza jambo moja tu. Kuna mtu amezipata ngoma zote mbili. Aliyezipata ngoma zote mbili ameyapata malango yote mawili. Kwa hiyo wafalme wote wawili wamekwisha, yupo wa tatu, naye ndiye anayeketi sasa hivi. Na kila mkubwa anajua kanuni ya siku kama hiyo: anayewahi kusujudu anaachiwa shamba lake, anayechelewa anaachwa bila kichwa.

Vumbi likaonekana upande wa Dilli. Tukageuka, vumbi lingine upande wa Firozabad.

Wa kwanza kufika alikuwa Malik Daulatyar, jemadari wa mfalme wetu, mnene, amevaa kiatu kimoja. Aliruka chini, akauona mwavuli mwekundu, akaona mtu juu ya mto wa hariri, uso umefunikwa kwa heshima, na akalala kifudifudi kwenye zulia letu, mkono ndani ya haluwa.

"Ewe mfalme wa dunia!" akalia. "Moyo wangu ulikuwa nawe tangu mwanzo!"

Hajamaliza, akafika Malik Sanjar, jemadari wa Firozabad, mrefu, masharubu hadi masikioni. Naye chini. Akavua pete, akaitupa mbele, akavua na mkoba wa fedha. Nyuma yao askari wa pande zote mbili, waliochinjana Alhamisi, wakapiga magoti bega kwa bega katikati ya makomamanga.

Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Barkhurdar na Alamdin wamesimama na magongo hewani, rangi zimewatoka.

Wale majemadari wakainua vichwa kidogo, kila mmoja kutoka upande wake wa sinia la pilau, wakaonana.

"Hata wewe?" akasema Daulatyar.

"Hata wewe?" akasema Sanjar.

"Mfalme wangu, usimwamini huyu! Jana tu alikuwa anaapa kwa kichwa cha yule wa Firozabad!"

"Na wewe je, mnafiki? Jana ulikuwa unaapa kwa kichwa cha nani, cha mbuzi?"

Miran alikuwa anatetemeka, yasmini zinatikisika zote. Wakadhani ni ghadhabu. Daulatyar akaanza kulia machozi ya kweli.

"Waheshimiwa," Barkhurdar akasema, "hii ni harusi."

"Harusi na enzi siku moja!" Sanjar akadakia. "Baraka juu ya baraka!"

Mimi nilijikaza nikashindwa. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika mti. Kisha nikaenda nikazipandisha zile nyuzi za maua, uso wa Miran ukaonekana, macho yamemtoka, pua nyekundu kwa chafya.

"Waheshimiwa wangu," nikasema, "huyu ni Miran mwana wa Alamdin. Anapiga ngoma. Mwaka juzi alianguka kutoka juu ya punda, tena punda amesimama. Kama mnamtaka mumtawaze, ngojeni kwanza aoe."

Daulatyar akasimama polepole, akapangusa haluwa kwenye joho, mkono ukaenda kwenye upanga. Hapo kicheko chote kiliniisha.

"Wauawe," akasema. "Wapiga ngoma, mwanamke huyu, wote. Mfalme asisikie."

"Uwaue, mheshimiwa, halafu?" nikamjibu. "Askari wako wamekuona umelala kifudifudi. Askari wake wamekuona. Yeye mwenyewe amekuona. Utamwua nani, umwache nani?"

Daulatyar akamwangalia Sanjar. Sanjar akamwangalia Daulatyar. Niliona wazi jinsi wazo lilivyowaingia: huyu akifungua mdomo mimi nimekwisha, na mimi nikiufungua yeye amekwisha. Mashavu ya Sanjar yakaanza kuchezacheza chini ya masharubu, akajizuia, akashindwa, akaangua kicheko kikubwa mpaka farasi wakashtuka. Askari mmoja akacheka, akafuata mwingine, na mwisho uwanda mzima ulikuwa unacheka, watu wanaanguka juu ya maadui zao. Daulatyar ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alisema, "Kiatu changu kingine kipo mlangoni kwangu," akakaa chini na tumbo likimtikisika.

Sanjar alipopata pumzi alijifuta machozi. "Sikilizeni. Mimi nimesujudu mbele ya watu, na kiapo ni kiapo. Miaka hii nimeapa kwa watu wengi, huyu ndiye wa kwanza ambaye hajaniomba kitu. Haya, mfalme Miran! Toa amri moja. Tutaitii, sisi wote, pande zote mbili. Kisha tunakuvua ufalme, tunakula."

"Amri gani?" Miran akauliza.

"Yoyote. Wewe ndiye mfalme."

Pale mbele yake kulikuwa na pete ya Sanjar, na mikoba, na panga zenye mipini ya dhahabu zilizorundikwa na watu waliotaka kubaki na vichwa vyao. Nilimwona anavitazama. Alikuwa maskini yule kijana, kanzu yake ya harusi ilikuwa ya mjomba wake. Kisha akamtazama Barkhurdar. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya ngoma, mikono ameificha kwapani, kama mtu aliyekwisha kuanza kuiaga. Hakujua kwamba analitazama pazia jekundu lililomficha binti yake, na kwamba sote tunamwona akilitazama.

Miran akasimama juu ya mto.

"Baba mkwe aje kwetu kila Ijumaa kumwona mke wangu," akasema, na sauti ikampasuka katikati. "Apite langoni kama mtu yeyote. Mikono yake isiguswe. Na ya baba yangu isiguswe akienda kwao."

"Hiyo tu?" Daulatyar akauliza.

"Hiyo tu."

Nyuma ya pazia nikasikia Nigar anavuta pumzi kwa kwikwi. Majemadari wakatazamana tena, safari hii bila kucheka. Hilo lilikuwa kinyume cha amri za wafalme wao wote wawili. Lakini kila mmoja alikuwa ameshika siri ya mwenzake kooni.

"Imesikika," akasema Sanjar.

"Imesikika," akasema Daulatyar.

Tukamtoa kadhi chini ya gari la ng'ombe alikokuwa amejificha, tukamkung'uta majani, akafungisha ndoa. Mashahidi walikuwa majemadari wa wafalme wawili, ndoa ya mpiga ngoma! Sambusa hazikutosha, askari wakaleta mikate yao, wakabadilishana vitunguu na wale waliokuwa wanavigombania. Wazee wakapiga ngoma tena, na mimi nilikaa karibu nao, fimbo mkononi, wakikaribia tu kuteleza nawagonga magoti. Jua lilipoelekea magharibi wakamvua Miran yasmini zake. Katika maisha yangu nimeona wafalme wakitoka kwenye kiti kwa sumu, kwa kisu na kwa kufukuzwa. Huyu alitoka anacheka, amemshika mkono mkewe.

Kule makasrini walisemaje? Daulatyar alimwambia mfalme wetu kwamba ni wanakijiji waliokuwa wanagonga masufuria kufukuza nyani. Sijui Sanjar alisema nini, lakini aliaminiwa. Wafalme waliamini mambo makubwa kuliko hayo.

Ila kuahidi chini ya makomamanga, tumbo limejaa, ni rahisi. Ijumaa iliyofuata Barkhurdar hakula tangu asubuhi. Alinawa mikono, akaitazama, akanawa tena. Nikamwambia nakwenda naye, wakimkata mikono nitahitajika kumlisha. Hakucheka. Tukavuka uwanda, tukafika chini ya lango la Firozabad, na juu yake Alamdin alikuwa anapiga ngoma ya adhuhuri. Alituona, mpigo ukayumba.

Askari kijana akaweka mkuki mbele ya kifua cha mdogo wangu.

"Wewe si wa Dilli? Si ndiye yule mpiga ngoma?"

Barkhurdar akaificha mikono kwapani. Mimi nikaanza kuvuta pumzi ya kutukana. Lakini nyuma ya kijana yule akasimama mkubwa wake, mzee mwenye kovu, ambaye nilimkumbuka kutoka bustanini kwa jinsi alivyokula pilau. Akausogeza mkuki kwa kidole kimoja.

"Mpishe," akasema. "Huyo ni baba mkwe wa mfalme."

"Mfalme yupi?" kijana akauliza.

"Mpishe tu, mwanangu."

Ndani ya lango, mlango wa tatu kulia, Nigar alikuwa amesimama na unga mpaka viwikoni. Alipiga kelele, akakimbia, akaishika ile mikono yote miwili, akaipaka unga wote.